Kapteni Mukonyo Hakugonga

Mwezi wa Machi, Zedekiah Obuya alimwomba Mungu aiangushe filamu. Si ombi la mtu mzima, na yeye mwenyewe alilijua hilo, kwa hiyo hakulitamka kanisani. Alilitamka akiwa amepiga magoti katika bustani ya watu huko Loresho, akipalilia waridi, mahali ambapo mtu akipiga magoti hakuna anayemuuliza kitu. Aliomba sehemu ya pili ya ile picha ya mwezini iwe mbaya. Iwe mbaya hata watu watoke ukumbini ikiwa nusu, waende zao, wasiitaje tena mjini wala kule kwao Uthiru.

Ombi la namna hiyo halimjii mtu hivi hivi. Lazima kwanza ieleweke kazi aliyokuwa akiifanya kila Jumamosi.

Siku nyingine zote za wiki Obuya alikuwa mtunza bustani. Alitoka Samia akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekata nyasi na kupogoa ua wa mama mmoja mstaafu wa benki, Madam Stellah Mbithi. Alikuwa mtu wa kutegemewa. Saa moja na nusu asubuhi ungemkuta langoni na buti zake mkononi, amekwisha kutembea kandokando ya Waiyaki Way kutoka Uthiru, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kusingizia msiba ili apate siku ya mapumziko. Mkewe Nanjala alikuwa fundi cherehani na mwimbaji wa kwaya. Binti yao Ivyne alikuwa chuo cha ualimu.

Lakini Jumamosi alasiri Obuya aligeuka mtu mwingine. Ephantus Thuo alikuwa na kibanda cha video nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, ukumbi wa mabati wenye mabenchi kumi na mawili na madirisha yaliyozibwa kwa blanketi, hata saa nane mchana ndani kukawa giza tupu. Obuya alikaa pembeni ya pazia jeupe, maikrofoni mkononi. Wazungu wa kwenye picha walipoanza kuzungumza, aliteremsha sauti yao na kupandisha yake. Hakutafsiri. Alisimulia. Jambazi wa picha alimwita kwa jina la baa iliyokuwa imefungwa na chifu, askari mwoga akamfanya bawabu wa lango fulani la Loresho, na mabenchi yakacheka hadi mabati yakatetemeka. Watu wa Uthiru hawakwenda kutazama filamu kwa Thuo. Walikwenda kumsikiliza Obuya.

Julai ya mwaka uliotangulia alikuwa amewaletea picha ya wachimba madini wa mwezini. Diski ilinunuliwa kando ya barabara mjini na hakuna aliyeuliza ilitoka wapi. Hilo nalo lilikuwa kosa, na halikuwa dogo. Nahodha wa wachimba madini hao alikuwa mwanamke mrefu asiyecheka. Obuya alimpa jina la Kikamba, Kapteni Mukonyo, kwa heshima ya mama mmoja Mkamba aliyekaa benchi la mbele kila Jumamosi. Kulikuwa pia na roboti iliyohesabu wafanyakazi mlangoni mwa mgodi, ikiwaita mmoja mmoja kwa sauti kavu. Hiyo aliiita Konda.

Kampuni katika picha ile ilikata hewa ya mgodi ili kuokoa mali. Wachimba madini wakakimbilia chombo chao. Mlango ukawa haufungi bila mtu kuushikilia kwa nje, na Kapteni Mukonyo akaushika kwa mikono yake miwili huku wenzake wakimlilia kupitia kioo.

Hapo stima ikapotea.

Kwanza kulikuwa na miguno, ile ya kawaida. Kisha dakika kumi, kisha ishirini. Thuo alitoka nje, akarudi na habari kwamba mtaa mzima ulikuwa giza na nguzo moja ilikuwa imelala barabarani.

"Basi maliza, Obuya!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

"Nimalize nini? Siioni."

"Wewe si ndiye unajuanga stori? Maliza bana!"

"Tumelipa ya picha nzima!" Huyo alikuwa Jacklyne wa saluni, ambaye mdomo wake ulijulikana hadi Kangemi.

Obuya hakuwa ameitazama. Kwa kawaida msimulizi huiona picha peke yake kwanza, lakini wiki hiyo alikuwa na kazi nyingi ya kupanda ua. Angeweza kusema hajui. Badala yake alisimama katika mwanga wa tochi za simu, akafumba macho, akamaliza. Alisimulia jinsi kapteni alivyotumbukia katika shimo la zamani lililobaki na hewa kidogo. Alisimulia chombo kikielekea duniani, wenzake wakiwa wameinamisha vichwa, redio imezimika. Halafu akateremsha sauti mpaka watu wakashika pumzi. Akagonga maikrofoni kwa ukucha. Ko. Ko. Ko.

"Yuko hai!" akasema Obuya, na kibanda kizima kikasimama.

Wiki hiyo Uthiru yote iligonga mara tatu. Watu waligonga milango ya majirani hivyo, wahudumu wakagonga vikombe hivyo, na kijana mmoja fundi wa pikipiki, ambaye mkewe alijifungua mwezi uliofuata, alimpa mtoto jina la Mukonyo ingawa yeye mwenyewe ni Mluhya.

Jumapili baada ya ibada Obuya aliomba ufunguo wa kibanda, akaitazama sehemu iliyobaki peke yake. Kapteni alikufa. Haikuwa na utata wowote. Alifia pale pale mlangoni, na picha ikaisha kofia yake ya chuma ikiwa imewekwa juu ya meza ya mama yake. Angeweza kuwaambia watu Jumamosi iliyofuata, wakacheka yakaisha. Alichofanya ni kutafuta msumari sakafuni, akaikwaruza diski, kisha akamwambia Thuo imeharibika.

Vijana wawili watatu walioiona kwenye simu zao walisema kapteni alikufa. Walizomewa. "Hiyo yenu imekatwa mwisho!" waliambiwa.

Yote hayo yangebaki mzaha kama si yule mama wa benchi la mbele.

Jina lake lilikuwa Ndunge, na aliuza chai na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, karibu na mzunguko wa barabara. Mwanawe wa pekee, Muasya, alikuwa amekwenda Uarabuni kupakia mizigo ghalani. Alipiga simu kila Jumapili kwa miezi mitano. Kisha, mwezi wa Mei, simu zikakoma. Namba ikawa haipatikani. Ajenti aliyempeleka alimwambia mama asubiri. Dada yake alimwambia aende ofisi ya serikali mjini, ile inayofuatilia Wakenya walio ng'ambo, aandikishe jina la mtoto. Ndunge alikuwa na hofu ya ofisi hiyo. Hakuogopa foleni, aliogopa jibu.

Siku chache baada ya stima kupotea alimkuta Obuya kwenye mfereji wa maji.

"Baba Ivyne, nikuulize. Ile siku ulikuwa unatuchezea, najua. Stima haikuwa. Lakini nasikia umeenda ukaiona yote. Ni kweli aligonga?"

Obuya alimwangalia machoni. Mitungi ilikuwa imejaa na maji yalikuwa yanamwagika miguuni mwao.

"Ni kweli, Mama Muasya," Obuya akasema. "Aligonga."

Tangu hapo, kila dada yake alipomhimiza, Ndunge alikuwa na jibu. Hata Kapteni Mukonyo alinyamaza, alisema, na wenzake wakadhani amekwisha. Aligonga meza yake mara tatu kila asubuhi kabla ya kufunua sufuria. Mtu asimcheke. Hakuwa mjinga wa kuamini kwamba mwezini kuna mtu. Alikuwa mama anayetafuta sababu ya kutokwenda mahali anapoogopa kwenda, na Obuya, kwa kupenda kushangiliwa, alimpa sababu hiyo mkononi kama mtu anayempa mwenzake chenji.

Ndiyo maana, ilipotangazwa kwamba sehemu ya pili inakuja, Obuya alipiga magoti kwenye waridi.

Alikuwa na matumaini ya kusikilizwa. Sehemu za pili huwa zinachosha. Watengenezaji huwa wamekwisha kula sifa na wanapika tena majani yale yale ya chai. Magazeti yalisema hivyo. Jacklyne pia alisema hivyo saluni. Lakini Jumatatu baada ya filamu kufika mjini, Madam Stellah alitoka na kikombe chake, akasimama kwenye nyasi.

"Zedekiah, wewe si msimulizi wa sinema? Basi niambie, umeona hii ya mwezini?"

"Bado, madam."

"Nilipelekwa na wajukuu kwa nguvu. Nilibeba sweta nikalale. Sikulala! Imeipita ya kwanza mbali sana. Jumamosi narudi tena, na safari hii nalipa mwenyewe."

Obuya alikata tawi ambalo halikustahili kukatwa.

Wiki ya pili foleni ilizunguka jengo la sinema katikati ya jiji. Wiki ya tatu mhubiri aliitaja kwenye mahubiri, kwa wema. Thuo naye alikuwa amebadilika. Alikuwa amechukua leseni, akawa anakodi picha kwa njia halali, na siku moja alimwita Obuya akiwa amekunjua karatasi yenye mihuri.

"Tumeipata, Zedi. Jumamosi ya mwisho ya Aprili, saa nane. Nimelipia haki, kila kitu. Uthiru yote inakuja. Wewe nenda mjini Jumanne uione, usije ukatuletea mambo ya juu juu."

"Thuo, hii tuiache. Watu wameichoka hiyo stori."

"Wameichoka? Mama Muasya ameshanunua tiketi. Ya mbele."

Jumanne Obuya aliomba ruhusa ya nusu siku, akashuka mjini, akapita katikati ya wachuuzi wa soksi na vifuniko vya simu, akakaa peke yake katika kiti laini ambacho kilikuwa kirefu kuliko miguu yake. Alikuja akiwa na chuki. Alitaka picha imkosee, ili apate la kusema.

Haikumkosea. Ilianza na kofia ya chuma ya kapteni ikiwa imefunikwa kwa kioo, na chini yake wale waliookoka wamezeeka kidogo, wamenenepa, wanapewa medali. Ni mwanamke mfua nguo za kampuni aliyewauliza swali. Zamu ya usiku ilikuwa na watu mia moja arobaini; ninyi ni themanini; wale wengine mliwaulizia? Wakatazamana. Kila mmoja alidhani wamekufa, na kwa kuwa alidhani, hakuuliza. Basi wazee hao, waliokuwa mashujaa mbele ya dunia nzima, wakarudi mwezini kwa aibu, bila bunduki, bila bendera. Na huko chini ya mgodi, katika giza, waliikuta ile roboti ya mlangoni. Haikuwa na miguu tena. Lakini kila siku, saa ya zamu ilipofika, ilikuwa imeendelea kuita majina.

Obuya, mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, alilia mjini mchana kweupe. Alilia kwa uzuri wa picha, na alilia kwa sababu ilikuwa imemshika ukosi.

Jioni alimweleza mkewe yote, msumari pamoja na maneno ya pale mferejini. Nanjala alikuwa akipiga pasi majoho ya kwaya. Hakuinua uso.

"Sasa utafanyaje?"

"Nimefikiri. Ile roboti inasoma majina mengi. Maikrofoni ni yangu. Naweza kuingiza jina la Mukonyo katikati, aitike. Nani atajua? Nitakuwa nimemrudisha."

Nanjala akaisimamisha pasi.

"Na Muasya? Yeye pia utamrudisha na maikrofoni?"

Obuya akachukua joho lililokwisha pigwa pasi, akaanza kulikunja.

"Umekuwa mzee wa kanisa miaka sita," Nanjala akasema, "na hukunidanganya hata bei ya viatu. Sijui huyo mtu wa Jumamosi ulimtoa wapi. Nenda kwa Ndunge kabla ya hiyo siku. Si baada. Kabla. Asije kuipata mbele ya watu."

Obuya alichelewa. Jumatano alienda mpaka karibu na mzunguko akageuka. Alhamisi vilevile. Ijumaa alfajiri, Ndunge alipokuwa bado anachochea makaa, alimfikia.

"Baba Ivyne! Mapema hivi? Chai haijachemka." Akagonga meza. Ko, ko, ko.

"Usigonge, Mama Muasya."

"Kwa nini nisigonge? Meza ni yangu."

"Kapteni Mukonyo hakugonga. Alifia mlangoni. Nilitunga siku ile, halafu nikaiona, nikajua, nikaikwaruza diski kwa msumari watu wasiione."

Ndunge alishika mwiko bila kuutumia.

"Kwamba ulitunga, hilo nilijua," akasema polepole. "Stima imepotea, ungeona na nini? Lakini mimi nilikuuliza. Pale kwa maji. Nilikuuliza kama mtu na mtu. Ukasema nini?"

"Nilisema ni kweli."

"Ukaniangalia na hayo macho yako."

"Nilikuangalia."

"Miezi tisa, Obuya." Hakumwita Baba Ivyne. "Dada yangu amenililia miezi tisa, twende ofisi, twende ofisi. Namwambia ngoja. Ananiambia umepagawa na sinema. Namwambia hapana, yule ni mzee wa kanisa, hawezi kunicheza." Akauelekeza mwiko barabarani. "Toka mbele ya meza yangu. Toka kabla sijamwaga hii maji ya moto."

Alitoka. Siku hiyo yote alipalilia bila kuona alichopalilia. Yako maumivu ambayo mtu hujiletea mwenyewe, na hayo hayapaswi kupozwa haraka. Ni afadhali yaume mpaka yamalize kazi yake.

Jumamosi saa nane kibanda kilijaa hadi watu wakakaa sakafuni. Nafasi moja ya benchi la mbele ilikuwa wazi. Obuya alishika maikrofoni kabla Thuo hajawasha projekta.

"Kabla hatujaanza. Mwaka jana stima ilipopotea niliwaambia kapteni yuko hai. Haikuwa kweli. Alikufa. Nilipojua, niliiharibu diski ili nisiaibike. Naomba msamaha."

Kelele zikalipuka.

"Rudisha pesa ya mwaka jana!"

"Wacha mchezo, Zedi! Yaani ile ko-ko-ko yote?"

"Na mtoto wangu tumemwita Mukonyo!" fundi wa pikipiki akalalamika.

"Jina ni zuri, kaa nalo!" Jacklyne akamjibu. "Kwani ulitaka umwite Ko-ko-ko?"

"Huo msumari," Thuo akauliza kutoka kwenye mashine yake, "ulikuwa wangu?"

"Ulikuwa wako."

"Pia diski ilikuwa yangu. Tutaongea."

Kicheko kikapita, lakini si chote kilikuwa cha upole, na wako walioondoka. Obuya hakuwazuia. Alingoja watulie, akaanza.

Wale waliobaki walisema baadaye kwamba hakuwahi kusimulia hivyo. Hakumpa mtu yeyote jina la baa. Alichekesha pale palipochekesha, na mfua nguo alipouliza swali lake, alilisema mara moja tu, kwa sauti ya chini: "Wale wengine, mliwaulizia?" Wakati huo blanketi la mlangoni likasogea na mwanga mwembamba ukaingia. Ndunge alisimama hapo, leso mabegani, mikono imefumbatwa. Hakuja kukaa.

Roboti ilipoanza kuita majina, Obuya aliiweka maikrofoni chini. Majina hayahitaji msimulizi. Konda aliita, akangoja, akaita lingine. Jina la kwanza kimya. La pili kimya. La kumi kimya. Watu waliokaa sakafuni walikuwa wameshikana mikono bila kujua. Mashujaa wazee kwenye picha walikuwa wamekwisha kugeuka waondoke, na ndipo katika kona ya giza mtu akakohoa, akaitika jina lake. Halafu mwingine akaitika. Walikuwa kumi na saba. Si sitini wote. Picha ile haikudanganya. Kumi na saba.

Jacklyne alilia kwa sauti na hakuna aliyemcheka. Makofi yaliendelea hata baada ya majina ya waigizaji kupita mwishoni, na wale walioondoka kwa hasira walikuwa wamerudi, wanachungulia kupitia blanketi.

Ndunge alimfikia Obuya akiwa anakunja waya.

"Jumatatu unatoka kazini saa ngapi?"

"Nitaomba ruhusa ya siku nzima."

"Omba. Utabeba karatasi zangu. Na usinisemeshe njiani."

Hakumsemesha njiani. Walifika mjini kabla milango ya ofisi haijafunguliwa, wakasimama kwenye foleni, Obuya akiwa na bahasha ya kaki kifuani: nakala ya pasipoti, barua ya ajenti, picha ya kijana aliyevaa shati la shule. Zamu yao ilipofika, karani, msichana mpole mwenye miwani, aliandika jina kwenye kompyuta.

"Ni nani mwingine alishawahi kumwulizia?"

"Hakuna," Ndunge akasema.

Msichana akasoma, akarudia kusoma.

"Mama, kaa chini kwanza."

"Sikai. Sema."

"Muasya Ndunge, yuko kwenye orodha yetu. Alifika ubalozini mwezi wa Novemba. Mwajiri alimnyang'anya simu na pasipoti. Yuko kwenye nyumba ya wanaongoja kurudi. Hapa pa jamaa wa karibu pako wazi. Inasema hakukumbuka namba ya simu yoyote." Akainua macho. "Ni mzima, mama. Kulikuwa kunangojwa mtu wa familia ajitokeze, karatasi zianze."

Ndunge alikaa chini, sakafuni, pale pale mbele ya dirisha, na foleni nzima ikamsubiri. Novemba. Angeuliziwa Novemba, angekula Krismasi nyumbani. Obuya aliipiga hesabu hiyo mwenyewe na hakumwomba mtu amsaidie kuisahau. Aliinama, akaokota karatasi zilizotawanyika, akazipanga kwa mpangilio wake.

Nje, kwenye jua la mchana, Ndunge alisimama ghafla.

"Hukunipa mtoto, Obuya. Usije ukasimulia hivyo."

"Siwezi."

"Lakini umekuja kuniambia. Na ulikuja wewe, hukumtuma Nanjala." Akafunga leso upya. "Nunua chai. Yangu iwe na maziwa mengi."

Karatasi zilichukua wiki saba. Muasya alirudi mwezi wa Juni, mwembamba, mweusi kwa jua, na kwenye uwanja wa ndege mama yake hakugonga kitu. Alimshika masikio yote mawili kama mtoto na kumtazama meno.

Jumamosi moja ya Julai stima ilipotea tena kwa Thuo. Ilikuwa picha nyingine, ya vita vya baharini, na ilikatika shujaa akiwa chini ya maji.

"Maliza, Obuya!" watu wakaanza, nusu kwa mzaha. "Unajuanga!"

"Sijui," Obuya akasema ndani ya maikrofoni iliyokufa. "Huku mwisho sikufika. Mashine ilizima hata jana nilipojaribu."

"Ah, tunga tu!"

"Hapana."

Walinung'unika. Kwenye benchi la mbele mtu alinyanyuka, akapapasa ukuta, akavuta blanketi la dirishani. Alikuwa Muasya. Jua la alasiri likaingia lote, likaonyesha vumbi, mabenchi, na Jacklyne aliyekuwa amevua viatu.

"Basi tungoje irudi," Muasya akasema, akakaa karibu na mama yake.

Ndunge akafunua termosi. Walingoja saa moja na robo, wakipitishiana vikombe na kubishana kama yule shujaa anajua kuogelea, na ni watu watatu tu walioondoka.